Bunduki ya Nyumbani Haitatulinda

Hapa Bunyakiri, Kivu Kusini nchini Kongo, sokoni hadi nje ya kanisa, utasikia maneno yale yale: sheria ya silaha inawanyima raia kinga, na kila nyumba ikiwa na bunduki yake, adui hatathubutu kuja. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, wasemao hivyo wameongezeka. Hasira yao naielewa. Hoja yao siikubali, kwa kuwa tumekwisha kuijaribu.

Mwaka 2011 jeshi liliondoa vikosi vijijini ili vipangwe upya, nasi tukaachiwa waasi wa FDLR kutoka Rwanda. Mei 2012 raia wakauawa Kamananga. Vijana wa Raia Mutomboki, kundi la kujilinda, waliposhika silaha, wengi waliwapokea kwa vigelegele. Kisha kundi likagawanyika, kila kipande kikafuata kamanda wake, wakapigana wao kwa wao. Mama aliyepeleka mihogo sokoni akakuta barieri njiani, na nyumba zile zile zilizokuwa zilindwe zikadaiwa kodi ya ulinzi iitwayo “lala salama”.

Haikuwa bahati mbaya. Bunduki hununuliwa mara moja, kununua risasi hakuna mwisho. Mkulima hana pesa ya risasi. Anayo mwenye machimbo, mwanasiasa, au jirani anayekamuliwa kwa nguvu. Basi bunduki humtii anayeilisha, hata ikibebwa na mtoto wa kijiji.

Sheria ya 3 Septemba 1985 inamtaka mwenye bunduki awe na kibali. Wengi huiona karatasi ya bure. Lakini kibali ndicho kinachoonyesha, bunduki ikilia usiku, nani aulizwe asubuhi. Nayo Katiba, kifungu cha 190, inahesabu kuunda jeshi la binafsi kuwa uhaini mkuu.

Mtasema serikali yenyewe ilitukimbia. Ni kweli, na deni hilo tulidai bila kuchoka: askari wanaolipwa mshahara, wanaolala kambini, wanaoshtakiwa wakiiba. Kwa anayetaka kupigania nchi, sheria ya Mei 2023 imeunda jeshi la akiba. Aandikishwe huko kwa jina lake, bunduki yake iwe na namba, na kamanda wake ajibu mahakamani. Kujiita Mzalendo, kama wanavyojiita raia wanaoshika silaha siku hizi, bila hayo ni kuomba ruhusa ya kuweka barieri.

Mzee wangu unayetaka kumtafutia kijana wako bunduki, uliza kwanza nani atamnunulia risasi. Huyo ndiye atakayemtawala, nawe utatawaliwa pamoja naye.