Ansgar na wavulana watano wa Unguja

Ndugu mwandishi, katika makala yako mmisionari Mtakatifu Ansgar umemmaliza haraka mno. Kufika Birka, Sweden, mwaka 829, sawa. Kilichonigusa mimi ni kwamba alikuwa akinunua vijana watumwa ili awasomeshe dini. Kwetu sisi wa Handeni na Korogwe hadithi hiyo si ngeni! Mwaka 1864 Sultani Majid wa Unguja alimkabidhi Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana, wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Bara, UMCA walianzia Magila miaka hiyohiyo ya 1860, na vijana waliosomea Kiungani, Unguja, wakaja kufundisha huku kwa Kiswahili.

Bibi yangu, Mzigua wa Kideleko, alikuwa na kitabu cha sala amekizungushia kipande cha kanga, kurasa zimegeuka rangi kwa moshi wa jikoni. Ukimuuliza nani aliwaletea dini, hakutaja askofu hata mmoja. Alisema, "Mwalimu." Basi.

Sasa na hao vijana wa Ansgar, waliishia wapi? Tuandikie hilo.