Mwenye banda la gemu apime kabla ya kuhamia Linux

Tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha marekebisho ya kawaida ya Windows 10, wenye kompyuta za mtumba wamejikuta njia panda. Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, na inataka pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Nyongeza ya mwaka mmoja waliyopewa watumiaji wa nyumbani ilipangwa kuishia Oktoba 2026. Kwa mfanyabiashara, huko ni kuahirisha tu.

Katika kata ya Mandewa, Manispaa ya Singida, suala hili halipaswi kuachiwa mafundi peke yao. Linamhusu mwenye banda la gemu anayetoza vijana kwa saa, huku pango na LUKU vikimsubiri. (Banda lenye PlayStation tupu halina habari na haya, hapa wanazungumziwa wenye kompyuta.) Ushauri anaopewa mtu huyo mara nyingi ni mmoja: aweke Linux, mfumo endeshi huria, asahau gharama. Ushauri huo ni wa kweli kwa nusu yake, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hela.

Nusu ya kwanza isidharauliwe. Zamani kucheza gemu kwenye Linux kulikuwa ni kujitafutia adhabu. Mambo yalibadilika Agosti 2018, kampuni ya Valve ya Marekani, yenye duka la gemu la Steam, ilipotoa Proton, programu inayoziwezesha gemu za Windows kuendeshwa ndani ya Linux. Mwaka 2022 Valve ikaingiza sokoni mashine ya mkononi, Steam Deck, inayotumia Linux. Ilipofika Oktoba 2025, Linux ilikuwa imevuka asilimia 3 ya watumiaji wa Steam. Ni sehemu ndogo, lakini gemu za mtu mmoja, za mbio za magari na za vita vya hadithi, sasa nyingi hufunguka bila matatizo makubwa.

Nusu ya pili ni mpira. Kijana hatoi shilingi yake kucheza hadithi ya saa 40 peke yake. Anakuja kumfunga jirani yake mbele ya watu. Na ni hapo Linux inapokwama. Kuanzia FIFA 23, iliyotoka mwaka 2022, kampuni ya EA iliweka kwenye matoleo ya kompyuta programu yake ya kuzuia udanganyifu inayojichimbia ndani kabisa ya Windows. Matoleo yaliyofuata, yenye jina la EA Sports FC, yaliirithi. Kwenye Linux programu hiyo haifanyi kazi, na gemu nayo inagoma. Septemba 2024 GTA Online ilifungiwa wachezaji wa Linux, na ilipofika mwisho wa Oktoba mwaka huohuo ikawa zamu ya Apex Legends.

Jambo la kuudhi ni kwamba kikwazo si ufundi pekee. Baadhi ya programu za kuzuia udanganyifu zimeweza kufanya kazi na Proton tangu 2021, ilimradi mwenye gemu akubali. Wengine wamekataa, wakidai Linux inawapa wadanganyifu pa kujificha. Kwa hiyo hakuna fundi wa Singida atakayelipwa akalimaliza tatizo hilo.

Chukua hesabu ya mfano. Banda lina mashine 4, kila moja inachezwa saa 6 kwa siku kwa Sh 1,000 kwa saa. Pato ni Sh 24,000. Ikiwa nusu ya saa hizo ni za mpira mpya, Sh 12,000 zimo hatarini kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh 312,000. Mfumo wa bure unaofukuza kiasi hicho kwa mwezi ni ghali.

Hata hivyo kubaki na Windows nako kuna bili ambayo wengi hawaitaji. Leseni ya kawaida ya Windows haimruhusu mwenye banda kukodisha kompyuta kwa wateja. Ruhusa hiyo hulipiwa peke yake. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na nakala za kuvunja kufuli ziko upande mbaya wa sheria hiyo. Linux inamwondolea mfanyabiashara mzigo huo kwa upande wa mfumo endeshi. Kwa upande wa gemu haimwondolei: akaunti ya Steam ni ya matumizi binafsi, na biashara inahitaji mpango wake.

Lipo pia la mashine zenyewe. Wapo wanaoamini kwamba Linux hufufua kila kompyuta kuukuu. Kwa kuandika barua, sawa. Kwa gemu, Proton hutegemea mfumo wa michoro uitwao Vulkan, na prosesa za Intel za kizazi cha 4, za mwaka 2013, na zile za nyuma yake, zikitumia michoro ya ndani bila kadi ya video, haziutimizi ipasavyo. Linux inawafaa hasa wenye kizazi cha 6 na cha 7, mashine za 2015 hadi 2017 zilizokataliwa na Windows 11 lakini zenye nguvu ya kutosha. Hizo ndizo za kuhamisha.

Basi mwenye mashine 4 hana sababu ya kuzigeuza zote kwa usiku mmoja. Mbili zinazobeba mpira zibaki na Windows mpaka fedha ya mashine mpya ipatikane. Moja ijaribiwe na Linux kwa kutumia flashi, bila kufuta kitu, na kila gemu ifunguliwe mbele ya wateja wenyewe. Jaribio hilo lifanyike kabla ya kununua kifurushi kikubwa cha intaneti, maana gemu moja ya siku hizi inaweza kuzidi GB 50. Na anayengoja fedha ya alizeti ili aagize kompyuta Kariakoo, umbali unaokaribia kilomita 700, aulize kizazi cha prosesa kabla hajauliza bei.