Kabla ya kuota SUV, hebu kalia kwanza kiti cha nyuma

Kijana mwenzangu wa Eldoret, tuambiane ukweli. Ukiingia kwenye yadi ya magari, huwa unafanya nini kwanza? Unalizunguka gari mara mbili, unapiga gurudumu teke, unafungua mlango wa dereva, unashika usukani na kuomba upigwe picha. Dakika kumi baadaye mnavutana bei. Kiti cha nyuma hujakigusa. Na hicho ndicho kiti ambacho mathe wako, mkeo, watoto na mabeste watakikalia miaka yote utakayokuwa na hilo dinga.

Mtaani, kuanzia Langas hadi Elgon View, imani ni moja: SUV ndiyo gari, saluni ni ya kuanzia maisha. Tulipopewa hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024, wengine wetu tulidhani kila mkazi pia atagawiwa Prado. Mimi sina ubaya na SUV. Ninachopinga ni dhana kwamba gari likiwa limeinuka, basi ndani lina nafasi. Kwa dhana hiyo, watu wanachukua mkopo wa sacco wa miaka kadhaa, halafu abiria wa nyuma wanasafiri magoti yakigusa kiti cha mbele.

Angalia vipimo. Nafasi ya miguu hutegemea sana umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa sababu viti vyote hupangwa humo. Toyota Premio, saluni ambayo wengi wanaiita gari la wazee, ina milimita 2,700 hivi. Mazda CX-5, SUV ambayo vijana wanaililia, nayo ina karibu 2,700. Subaru Forester iliyotengenezwa kati ya 2012 na 2018 ina 2,640. Honda Vezel ina takriban 2,610, na Toyota Axio ndogo ina 2,600. Kwa hivyo yule jamaa wa Vezel anayekucheka kwa sababu una Axio amekupita kwa upana wa kidole.

Lakini tusidanganyane, kipimo hicho si kila kitu. Kwenye SUV unakaa wima kama uliyekalia kiti cha mezani, kwa hivyo miguu inashuka chini badala ya kunyooka mbele. Kwenye saluni kiti kiko chini, magoti yanainuka, na mapaja yasipopata pa kuegemea utachoka kabla hujafika Timboroa. Tena paa la saluni nyingi huteremka kwa nyuma. Ukiwa na kimo kama cha David Rudisha, yule bingwa wa mita 800, utasafiri shingo imepinda hadi Nairobi, na hizo ni kilomita zaidi ya 300. Hapo SUV inashinda, na inashinda kwa haki.

Inashinda pia mtu anapoingia na kutoka. Mzazi mwenye magoti mabovu akifungua mlango wa Forester au CX-5, kiti kiko karibu sawa na kiuno chake. Anageuka, anakaa, basi. Kwenye Axio ni lazima ajikunje na kujishusha, na kutoka ni lazima avutwe mkono. Ila usivuke mpaka: ukinunua Prado iliyoinuka sana, mama mfupi aliyevaa sketi ndefu ya kanisani atahitaji kupanda kama anayeparamia mti. Urefu unaosaidia ni ule wa kiuno. Ukizidi hapo, unasaidia kujionyesha tu.

Sasa njoo kwa abiria wa katikati, mtu ambaye hakuna anayemtetea. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma au yote manne huwa na nundu katikati ya sakafu, kwa sababu kuna shafti inapita chini yake. Forester inayo. Toyota Crown, licha ya uheshimiwa wake wote, inayo kubwa zaidi. Premio na Axio za kawaida husukumwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo sakafu yake haina nundu kubwa. Kama nyumbani kwenu kila safari ni watu watano, nundu hiyo ina uzito kuliko skrini kubwa ya dashibodi.

Kuna suala la barabara pia. Teremka kutoka Iten kupitia Tambach ukielekea Kabarnet, ule mteremko wa Bonde la Kerio wenye kona baada ya kona. Gari lililoinuka huyumba zaidi kwenye kona, na anayelipia ni wa nyuma, si dereva aliyeshikilia usukani. Saluni iko karibu na ardhi, inatulia. Ukiwa na mtoto anayetapika haraka, utanielewa.

Najua utaniambia, "Lakini barabara ya ocha ni matope matupu." Sawa kabisa! Forester ina milimita 220 kati ya tumbo lake na ardhi, ilhali Premio haifiki hata 170. Kama kila wikendi unaingia vijijini msimu wa mvua, nunua SUV na usiombe radhi kwa mtu. Ila jua umelipia kimo. Usije ukatwambia umelipia nafasi.

Mizigo nayo ina siasa yake. Buti la SUV limeungana na sebule ya gari. Utapakia juu hadi darini, kweli, lakini magunia ya viazi, kuku wawili wa kienyeji na kibuyu cha mursik vitasafiri nanyi kama abiria. Breki ya ghafla ikipigwa, mzigo usiofungwa unaruka mbele kwenye vichwa vya watu. Buti la saluni limefungiwa peke yake, harufu inabaki huko. Unayetaka katikati, mtazame Fielder: ni nduguye Axio, ana buti refu, na viti vya nyuma vinalala. Sizungumzii Probox. Hiyo tunaiheshimu kwa kazi, lakini mgongo wake wa nyuma uliosimama wima unaujua ukishuka.

Na viti vyenyewe? Magari mengi tunayonunua yametumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kufika Mombasa. Sponji imekaliwa. Bonyeza kiti kwa ngumi. Kikizama na kukawia kurudi, hicho kimechoka, hata kama ngozi inang'aa. Ngozi yenyewe ni ya picha zaidi. Eldoret tuko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuikalia saa kumi na moja alfajiri ni kama kukalia barafu. Pia usikimbilie fundi akushonee vifuniko vizito kabla hujaangalia ubavu wa kiti. Magari mengi yana mfuko wa hewa wa usalama hapo, na kifuniko kinaweza kuuzuia kufunguka siku ya ajali.

Msimamo wangu basi ni huu. Kijana anayekaa Kapsoya, anayefanya kazi mjini na kwenda Nairobi mara moja moja kwa lami, hana haja ya kujinyonga na mkopo wa SUV. Injini ikizidi sisi 1500 ushuru hupanda, gari zito hunywa mafuta zaidi, na matairi makubwa hayauzwi bei ya mandazi. Saluni nzuri au Fielder itawabeba watu wako vizuri tu. SUV mwachie mwenye sababu: barabara mbovu, wazazi wa magoti, au familia ya watu warefu.

Huamini? Nenda yadi na watu wawili na futi ya kupimia. Rekebisha kiti cha dereva kikutoshe wewe, kisha shuka, ukae nyuma ya kiti hicho hicho. Ngumi mbili zikiingia kati ya goti lako na kiti cha mbele, vizuri. Mkae watatu nyuma, mfunge mikanda yote mitatu, mkae dakika kumi bila simu. Mwombe mzazi wako aingie na kutoka mara tatu. Muuzaji akianza kununa, mwache anune. Deni ni lako, si lake.