Mkeka kwa Mgeni: Taamuli ya Kibudha Pwani na Wajibu wa Kiswahili

Mombasa ni mji wenye milango mingi ya ibada. Anayetoka Mji wa Kale, penye Msikiti wa Mandhry ambao ujenzi wake hutajwa kuwa wa mwaka 1570, hahitaji mwendo mrefu kufika Langoni kwenye hekalu la Wajaini lenye marumaru nyeupe. Mbele yake atakuta kanisa kuu la Waanglikana, lenye kuba inayoweza kumfanya mgeni adhani ni msikiti. Akiendelea kusini atafika Feri, ambako Waislamu, Wakristo, Wahindu na wasio na dini yoyote hushukia mteremko mmoja na kusimama bega kwa bega hadi chombo kifike Likoni. Hapo hapana anayeulizwa imani yake. Anayekwenda kwa miguu haulizwi hata nauli.

Katika orodha hii ndefu ya milango, Ubudha hautajwi. Si kwa sababu uko mbali. Jijini Dar es Salaam, eneo la Upanga, kuna hekalu la Kibudha ambalo asili yake ni wahamiaji wa Kisinhala waliotoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Nchini Uganda, Mganda mzalendo aliyekwenda India kusoma mwaka 1990 na akatawazwa kuwa mtawa mwaka 2002, Bhikkhu Buddharakkhita, alianzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda karibu na Entebbe mwaka 2005. Nchini Kenya pia zimekuwa zikiandaliwa kozi za siku kumi za taamuli kwa utaratibu ulioenezwa na S. N. Goenka, mzaliwa wa Mandalay aliyefariki mwaka 2013. Barabara ya Lunga Lunga, ambayo kwa miaka mingi imekuwa njia ya kuendea Tanga na Dar es Salaam, huanzia ng'ambo ya pili ya Feri. Kijana wa Likoni anayetaka kujifunza kuketi kimya na kuichunguza nafsi yake hatenganishwi na jumuiya hizo na bahari. Hutenganishwa nazo na maswali matatu: je, ni salama? Je, ni halali kwa imani yake? Na je, ataelewa anachoambiwa? Makala haya yanashikilia kwamba maswali yote matatu ni ya haki, na kwamba la tatu, ambalo ni la lugha, ndilo linaloyatatiza mawili ya kwanza.

Kabla ya kutoa hukumu, yafaa ijulikane kinachofanyika huko. Katika kozi ya siku kumi, washiriki huamka saa kumi alfajiri kwa sauti ya kengele. Huketi kwa jumla ya takriban saa kumi kwa siku. Hawazungumzi wao kwa wao, wala hawashiki simu, ingawa wanaruhusiwa kumuuliza mwalimu maswali na kuwaeleza wahudumu shida zao. Siku za mwanzo hutumika kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka, bila kuilazimisha. Baadaye huangaliwa hisia za mwili, ziwe za maumivu au za raha, bila kuzikimbia wala kuzikimbilia. Hapana ada. Gharama hulipwa kwa michango ya waliokwisha kuhitimu kozi kama hiyo, na anayehudumu jikoni hafanyi hivyo kwa ujira. Hapana anayetakiwa kubadili dini. Huo ndio ukarimu ambao wengi huusimulia wakirudi: kupokewa, kulishwa na kufundishwa na watu usiowajua, bila kudaiwa kitu.

Hata hivyo, mzazi wa Pwani akisikia kwamba mwanawe anakwenda mahali pa faragha kwa siku kumi bila simu, ana haki ya kushtuka. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi, waliokuwa wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwahimiza wafe kwa njaa ili wakutane na Mola wao. Baada ya msiba huo, neno "kujitenga kwa ajili ya roho" halisikiki tena Pwani kama lilivyosikika zamani. Anayemwambia mzazi huyo kwamba hofu yake ni ushamba, anamdhulumu.

Jawabu la hofu hiyo si kuapa bali ni kutoa vipimo. Jumuiya yoyote ya faragha, iwe ya Kibudha, ya Kikristo au ya Kiislamu, ipimwe kwa mambo yanayoonekana. Je, anayeingia anaweza kutoka? Je, chakula kipo na kinatosha? Je, jamaa zake wanajua alipo na namna ya kumpata dharura ikitokea? Je, mali yake inabaki kuwa yake? Je, mwalimu anakubali kuulizwa? Kozi zilizotajwa hapo juu humtaka mshiriki aahidi mapema kwamba atakaa hadi mwisho, na ahadi hiyo si nyepesi. Lakini ahadi si kufuli. Fomu ya maombi huuliza pia juu ya afya ya mwili na ya akili, kwa kuwa kimya kirefu kinaweza kumzidishia mzigo mtu ambaye tayari anaumwa. Ukarimu wa kweli haumkaribishi kila mtu kwa kila hali. Wakati mwingine humwambia mgeni angoje hadi apate nguvu.

Swali la pili ni la imani, nalo halistahili kujibiwa kwa haraka. Wapo wanaosema kwamba taamuli ya Kibudha ni kitu kigeni kabisa kwa Mswahili. Kauli hiyo haina mashiko. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, misikiti ya Mji wa Kale huwa na watu walioweka nia ya itikafu, wakaacha biashara na mazungumzo ya barazani ili wakae na Mola wao. Wakatoliki wana mafungo yao, ambapo watu hukaa kimya kwa siku kadhaa. Wafuasi wa tarika wana nyiradi na dhikiri. Hata mlango wazi si jambo jipya. Habib Swaleh wa Lamu, aliyefariki katika miaka ya 1930, na Msikiti wa Riyadha uliojengwa kwa juhudi zake, wanakumbukwa kwa kuwapokea katika elimu na katika maulidi watu ambao wenye nasaba kubwa za mji hawakuwa tayari kuketi nao, wakiwamo watu wa asili ya utumwa. Wakosoaji hawakukosekana, lakini leo maulidi ya Lamu ni fahari ya Pwani nzima.

Lakini upo upande wa pili wa kosa hilo, nao ni kudai kwamba mambo haya yote ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Anayekaa itikafu anakaa mbele ya Mwenyezi Mungu. Anayeketi katika taamuli ya Kibudha haombi chochote kwa yeyote. Ubudha haujengwi juu ya itikadi ya Muumba, na Budha mwenyewe haabudiwi kama Mungu, ingawa mgeni aonaye sanamu na maua hekaluni aweza kudhani hivyo. Mwislamu au Mkristo anayetaka kujifunza kuangalia pumzi yake anastahili kuambiwa tofauti hiyo waziwazi, kisha aamue mwenyewe, au amuulize shehe wake au padri wake. Kumficha ili asiogope si kumkaribisha, ni kumnasa. Na kwa kuwa tofauti hiyo hufichwa au kudhihirishwa kwa maneno, ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja.

Tuchukulie mfano wa neno "mafungo". Kwa Wakatoliki lina maana nzuri na iliyozoeleka, hivyo mfasiri anaweza kulitumia kwa kozi ya taamuli bila kusita. Lakini mzizi wake ni "funga", na kwa masikio ya Pwani baada ya Shakahola, mtu anayealikwa kwenye mafungo ya dini asiyoijua ataelewa kwamba anakwenda kushinda njaa. Ukweli ni kwamba chakula hutolewa, ingawa ni kweli pia kwamba watawa wa Kibudha wa madhehebu ya Theravada hawali baada ya adhuhuri. "Itikafu" nayo isiazimwe, kwa kuwa ina sharti na mahali pake katika Uislamu. "Kambi ya taamuli" ni jina la kawaida tu, lakini halimdanganyi mtu.

Neno "taamuli" lenyewe limo katika kamusi zetu likiwa na maana ya fikra nzito au tafakuri. Linafaa, mradi msomaji afahamishwe kwamba anayeketi hatakiwi kufikiri kwa bidii bali kuangalia fikra zikija na kupita. Neno la Kipali "sati", ambalo ndilo moyo wa mafunzo haya, ni gumu zaidi. Asili yake ni kumbukumbu. Hapo linakaribiana na "dhikiri", ambayo kwa Kiarabu pia ni ukumbusho, lakini kinachokumbukwa si kimoja. "Umakini" limechakaa kwa kutumiwa na walimu wa zamu na matangazo ya barabarani. "Uzingativu" linaelekea kufaa zaidi, kwa sababu kuzingatia ni kukiweka jambo moyoni na kutoliacha liponyoke.

Hatari kubwa iko katika "dukkha". Wengi hulitafsiri kuwa "mateso", na kwa hiyo fundisho la kwanza la Budha huwa "maisha ni mateso". Msafiri wa Feri anayesikia hivyo atakumbuka mateso ya Kristo au ya mahabusu, kisha atahitimisha kwamba dini hii ni ya kukata tamaa. Kumbe "dukkha" hukusanya mambo makubwa na madogo: kufiwa, kuugua, na hata ile hali ya mtu kupata alichokitaka na bado asitulie. "Dhiki" hubeba sehemu ya maana hiyo, na "kutoridhika" hubeba sehemu nyingine. Vivyo hivyo "bhikkhu", ambalo asili yake ni mtu aishiye kwa kuomba. Likifasiriwa neno kwa neno, mtawa atawekwa fungu moja na waombaji waketio njiani kuelekea kivukoni. Kiswahili kina "mtawa", na hakuna haja ya kutafuta jingine.

Yupo atakayeuliza: watu wa Feri wanahitaji pumzi zao au wanahitaji daraja? Hoja hii ni nzito. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama katika bandari hiihii ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na watu 272 wakafa. Hakuna taamuli iliyoweza kuwaokoa. Kilichohitajika ni chombo kizima na idadi isiyopindukia. Mtu akiutumia utulivu wa moyo kuwa kisingizio cha kunyamazia uzembe wa wenye madaraka, utulivu huo hauna thamani. Lakini haifuati kwamba mwenye shida asinyimwe daraja tu bali anyimwe na faragha pia. Mchuuzi wa mihogo, kuli na mama anayevuka alfajiri kwenda kazini wana nyoyo zinazochoka kama za matajiri. Taamuli imekuwa anasa ya watu wa mahoteli kwa sababu imefundishwa kwa lugha ya mahoteli. Mafunzo ambayo hayana ada, lakini hayaeleweki ila kwa anayejua Kiingereza vizuri, bado yana kiingilio.

Kwa hiyo wajibu wa vyama vya Kiswahili vyuoni si kuhubiri Ubudha, wala si kuupinga. Ni kuandaa istilahi zake kwa uaminifu kama zilivyoandaliwa za sheria, za tiba na za isimu. Kazi hiyo ifanywe pamoja na watawa na wanafunzi wa Kibudha wa Dar es Salaam na Entebbe, na mashehe na mapadri waombwe kuonyesha ni wapi neno lao linaazimwa isivyofaa. Faharasa fupi ya maneno hamsini yaliyojadiliwa vizuri ingetosha kwa mwanzo, na mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili angeweza kuipata humo mada ya tasnifu.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Walisema pia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili hazipingani. Kiswahili kilimtandikia mkeka kila mgeni aliyeshuka bandarini, kikachukua kwake maneno na kumpa yake. Mgeni huyu wa Kibudha naye aketishwe, aulizwe maswali yote magumu, na ajibu kwa lugha ambayo mzazi wa Likoni ataielewa. Mwana wake akiamua kwenda, aende akijua aendako. Akiamua kubaki, abaki kwa kuwa amefahamu, si kwa kuwa ameogopeshwa.