MIWANI NA MAJI VIKAE PENYE KAZI



Tangu miaka ya 1930, ndege za Imperial Airways zilipokuwa zikitua juu ya maji hapa Kisumu, kazi ya ndege imekuwa kazi ya watu wa ziwa hili. Lakini liko jambo moja ambalo wengi wetu twalifanyia mchezo, nalo ni mafuta ya haidroliki, yale yanayoendesha breki na kukunja magurudumu. Wengine husema, "Mafuta ni mafuta," wakafuta mikono kwa tambara, basi.

Sivyo. Mafuta ya zambarau ya ndege kubwa si kama oili ya lori. Yametengenezwa kwa kemikali za fosfeti ili yasishike moto upesi, na kemikali hizo hubambua rangi na kulainisha mpira wa namna nyingi. Ngozi huiwasha na kuikausha. Jichoni maumivu yake ni makali mno. Tena, ndani ya mabomba husukumwa kwa nguvu ya ratili 3,000 kwa kila inchi ya mraba, yapata mara mia ya upepo wa gurudumu la motokaa.

Mwenzetu mmoja, katika kampuni ambayo hatutaitaja, alirukiwa na mafuta hayo machoni. Miwani ya kazi ilikuwako, lakini ndani ya stoo, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa jengo. Alipona, lakini twauliza: miwani iliyofungiwa yamkinga nani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema wazi. Ni juu ya mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga, na sanduku la huduma ya kwanza liwe mahali pa kufikiwa upesi. Penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Wala mtu asifukuzwe kwa kulalamika juu ya hatari. Lakini sheria hiyo hiyo yatuamuru sisi kuvaa tunavyopewa. Glavu iliyo mfukoni si kinga.

Kila mmoja wetu na ashike haya:

Jichoni: osha kwa maji safi dakika 15 kamili, kope zikiwa wazi. Usisugue. Kisha nenda kwa daktari.

Ngozini: vua nguo iliyolowa, osha kwa sabuni na maji mengi.

Yakimezwa: usimtapishe mtu, mpeleke kwa daktari.

Yakitoboa ngozi kwa nguvu: hospitali saa ile ile, hata kama tundu ni dogo kama la sindano na haliumi. Mafuta husambaa ndani ya nyama, na mtu aweza kukatwa kidole au mkono. Kwa hiyo usipapase bomba linalovuja. Tumia kipande cha kadibodi.

Wenye kampuni watasema vifaa ni gharama. Twajibu: ndege ikiharibika huagiziwa spea, lakini fundi hana jicho la spea. Katika mkutano ujao na tudai mambo matatu: miwani na glavu zinazofaa kwa mafuta haya, maji ya kuoshea macho penye kazi, na stoo isiyofungwa wakati watu wako kazini.

Umoja ni nguvu.