Mita moja, kodi ya nani?

Mwenye nyumba wa Momela aliyempangisha mwalimu chumba cha uani huhesabu pango lote kuwa faida. Hesabu hiyo ina tundu. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, hata akiwa mpangaji, ingawa deni ni la mwenye jengo.

Kiasi ni kidogo, lakini hawa huonana bombani kila asubuhi. Kinyongo cha shilingi elfu humhamisha mpangaji mzuri, chumba kikakaa kitupu miezi mitatu. Heri fedha hiyo ipunguzwe kwenye pango, tena kwa maandishi: sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005.