Abiria wa ndege naye ni abiria

NJIA PANDA
Na Salma Kibwana

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi Posta, katikati ya Dar es Salaam, ni kama kilomita 12. Daladala inayotoka Gongo la Mboto inakupeleka mjini kwa nauli isiyofika shilingi elfu moja. Ukikodi teksi mlangoni mwa uwanja unatajiwa makumi ya maelfu. Katikati ya bei hizo mbili hakuna kitu. Hakuna basi la umma la uhakika linaloingia ndani, likasimama mbele ya ukumbi wa kuwasili, likapakia watu na mizigo yao na kuondoka kwa ratiba inayojulikana. Nauliza kwa nini, na nitaendelea kuuliza.

Jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba anayepanda ndege ana pesa. Jibu hilo limepitwa na wakati. Tangu shirika letu la ndege lianze kufufuliwa mwaka 2016, watu wa Kigoma, Bukoba, Songea na Mtwara wanaruka kwa sababu nyingi zisizohusu utajiri. Wapo waliopewa rufaa ya Muhimbili, Ocean Road au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambao mwili hauwezi kuvumilia safari ndefu ya basi. Tiketi imenunuliwa kwa mchango wa ukoo mzima, na ikishanunuliwa mfuko umebaki mtupu.

Nilikaa jirani na mama mmoja wa aina hiyo kwenye ndege kutoka Kigoma. Tuliposhuka jengo la pili la abiria alikuwa na shangazi kaja moja na bahasha ya picha za eksirei. Kijana wa teksi akamwamkia vizuri, "Shikamoo mama, karibu, unaelekea wapi?" Akajibu, "Marahaba mwanangu, naenda Muhimbili." Alipotajiwa bei alinyamaza, akafungua fundo la kanga, akahesabu, akalifunga tena. "Mwanangu, nikikupa hiyo, huko hospitali nitaingia na nini?" Kijana naye akatazama chini. Hakuwa na la kumjibu, na sidhani kama ni yeye aliyestahili kujibu.

Tusiwaonee madereva. Dereva wa uwanjani anaweza kukaa kwenye foleni nusu siku akingoja abiria mmoja, kwa hiyo bei anayoitaja inabeba kilomita zile 12 pamoja na saa zote alizokaa akisubiri, mafuta ya kurudi na hesabu ya tajiri wake. Mfumo wenyewe umejengwa hivyo. Pasipo basi, teksi inageuka kuwa lazima, na kitu cha lazima bei yake haishuki kwa kubembelezana.

Mwenye nguvu anaweza kutembea hadi Barabara ya Nyerere akadandia daladala. Kutoka jengo la pili hilo linawezekana, ila si kwa mgonjwa wala kwa mwenye mtoto mgongoni. Kutoka jengo la tatu, lililo mbali zaidi, ukiwa na sanduku la kilo 23 chini ya jua la saa nane mchana, ni adhabu. Ukifika kituoni gari limeshajaa tangu Gongo la Mboto, na konda akiliona sanduku anakwambia ulipie siti mbili au ungoje linalofuata. Hayo ni ya mchana. Baadhi ya ndege za kimataifa zinatua usiku wa manane, na sioni ni nani wa kumshauri binti aliyeshuka peke yake aburute begi gizani kutafuta gari barabarani.

Magari ya kuita kwa simu yamesaidia, nakubali, maana angalau unaijua bei kabla ya kupanda. Lakini yanamtaka abiria awe na simu janja, chaji, na laini yenye bando. Mzee asiyetumia simu ya aina hiyo yamempita, na mgeni ambaye bado hajanunua laini pia.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua tofauti hii kuliko waandishi. Wakitua Guangzhou wanateremka na mizigo yao hadi kwenye treni ya chini ya ardhi inayofika uwanjani. Wakitua Dubai, metro inapita kwenye majengo ya abiria. Wakirudi nyumbani ndipo wanaanza kupatana bei. Wala tusiseme hayo ni ya matajiri wa mbali. Johannesburg ilifungua Gautrain kati ya uwanja wa OR Tambo na Sandton mwezi Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia. Karibu zaidi, Unguja, daladala namba 505 inapeleka watu uwanja wa ndege na kuwarudisha mjini kwa nauli ya kila mtu, na hakuna anayeona ajabu. Nairobi wana basi namba 34. Wana pia barabara kuu ya kulipia, ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022, inayomvusha mwenye gari juu ya foleni ya Mombasa Road. Mimi kati ya hivyo viwili ningeiga kwanza namba 34.

Sisi tumejenga, na vizuri. Jengo la tatu lililofunguliwa Agosti 2019 lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa 2018, lilipunguza kero ya makutano yaliyokuwa yakiwachelewesha watu na ndege zao. Awamu ya tatu ya mabasi ya mwendokasi inafuata Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, yaani inapita karibu kabisa na uwanja. Reli ya kisasa ya SGR ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata, na kituo chake cha kwanza ukitoka Stesheni ni Pugu, upande huo huo wa jiji. Pesa nyingi imekwishatumika. Kilichosahaulika ni kipande kifupi kuliko vyote, kutoka mlango wa jengo hadi kwenye hiyo njia kuu.

Nasema hivi kwa sababu nawasikia watu wakituliza mjadala kwa kusema mwendokasi utamaliza tatizo. Hautalimaliza wenyewe. Kituo cha barabarani kinabaki barabarani, na abiria wa jengo la tatu anabaki na sanduku lake ndani. Tena basi la mwendokasi limeundwa kwa watu waliosimama. Aliyewahi kupanda Kimara asubuhi anajua kwamba hata mkoba wa chakula unatafutiwa nafasi, sembuse masanduku mawili. Panahitajika basi mlisho, au bora zaidi basi la uwanja lenye sehemu ya mizigo.

Basi hilo lianzie jengo la tatu, lipite la pili, lifuate Barabara ya Nyerere hadi Gerezani, Stesheni, Posta, na liishie Kivukoni kwenye boti za Zanzibar na kivuko cha Kigamboni. Jingine lipite Mandela na Ubungo hadi Kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, kwa kuwa wengi wanaotua Dar hawaishii Dar. Nauli iwe kubwa kuliko ya daladala, hakuna ubaya, mradi mama wa Kigoma aimudu bila kufungua fundo la dawa. Na pale abiria anapotokea na mizigo pawekwe ubao mkubwa, Kiswahili kikitangulia, unaoonyesha nauli ya basi na bei elekezi ya teksi kwenda Kariakoo, Posta, Mbezi na Kigamboni. Ubao huo hauhitaji mkopo wa nje.

Mlango ni wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, nauli ni za LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, na njia ya mwendokasi ni ya DART, wakala wa mabasi hayo. Zote tatu ni taasisi za serikali moja, na wakuu wake wanaweza kukutana asubuhi moja wakalimaliza. Waanze na mabasi machache, wapange ratiba kwa kufuata ndege na si saa za ofisi: basi la kwanza liwepo kabla ya ndege ya alfajiri kutua, na la mwisho lisiondoke mpaka abiria wa ndege ya mwisho ya usiku wamepata mizigo yao.